Usingizi wa Jirani: Utangulizi wa Sheria ya Kelele Mjini

Kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala. Methali hii tunaitumia kumtuliza mtu anayesemwa vibaya: waache waseme, wewe lala. Mimi, baada ya miaka mingi ya kufundisha sheria hapa Bujumbura, naisoma kwa jicho jingine. Mlango unaolia ni wa nani? Ni wa mwenye nyumba. Ameuzoea, anajua utalia lini na utanyamaza lini, na akitaka anaweza kuamka akautia mafuta. Jirani, ambaye kitanda chake kimeegemea ukuta uleule, methali haikumtaja. Taaluma ninayokukaribisha ndani yake, msomaji wangu, ni ya huyo jirani.

Nimeandika nikiwafikiria wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria, lakini pia mkuu wa katiye, yaani mtaa, anayegongewa mlango saa saba za usiku, imamu, mchungaji, mwenye kabare (baa), na mama ambaye hajawahi kufungua kitabu cha sheria ila anajua vizuri kuliko profesa kelele ni nini. Huhitaji kujua fizikia kuingia humu, wala Kilatini. Unahitaji masikio na subira kidogo.

Tuanzie Buyenzi, mtaa ninaoujua kwa miguu. Siku ya kazi, barabara zake ni gereji moja ndefu isiyo na paa: magari yamepandishwa juu ya mawe, mtu analala chini ya injini, mwingine anachomelea chuma, wa tatu anajaribu honi. Katikati yao kuna fundi bati. Nilisimama karibu naye asubuhi moja akinyoosha ubavu wa gari uliobonyea. Mkono wa kushoto ameshika kipande cha chuma kizito, amekiegemeza nyuma ya bati. Mkono wa kulia anapiga nyundo kwa mbele, pigo fupi fupi, akizunguka kutoka pembeni kwenda katikati ya mbonyeo. Pale bati lilipokuwa bado limejikunja, mlio ulikuwa mzito, umekufa. Kadiri lilivyorudi mahali pake mlio ulipanda, ukawa mwembamba na safi. Hakuwa anatazama sana. Alikuwa anasikiliza. Akiziba masikio, kazi imeharibika.

Nyuma ya ukuta, hatua kumi kutoka pale, alikuwa amelala muuguzi aliyetoka zamu ya usiku.

Watu hawa wawili wote wana haki. Hakuna aliye mkorofi. Mmoja anatafuta chakula cha watoto kwa kazi ambayo haiwezekani bila mlio. Mwingine ameshika zamu ili wengine wapone, na usiku wake ameuhamishia mchana. Ukiniuliza sheria ya kelele inahusu nini, nitakuonyesha ukuta ule. Vifungu vingi duniani vinalinda usiku, navyo vinahesabu usiku kwa saa za ofisi. Muuguzi yule, kwa karibu kila kifungu nilichosoma, hana usiku.

Sasa kidogo kuhusu kipimo, maana bila hicho tutadanganywa na kila mwenye mashine mkononi. Sauti hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazijumlishwi kama kilo za maharage. Ukisimama mahali ambapo spika moja inakufikia kwa desibeli 70, ikaongezwa ya pili sawa nayo, hupati 140. Unapata 73. Desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti imezidi mara 10, ingawa sikio huhisi kama imezidi mara 2 tu. Hesabu hii kavu ina matokeo makubwa mahakamani. Chukua kabare tatu zilizo mtaa mmoja, kila moja inakufikia kwa 70. Jumla yake ni kama 75. Umshtaki mmoja, ushinde, azimiwe kabisa. Zinabaki mbili, nazo zinatoa 73. Umetumia pesa, umegombana na jirani, na sikio lako karibu halijaona tofauti. Ndiyo sababu kesi ya mtu mmoja dhidi ya mtu mmoja, hata ikiwa ya haki namna gani, mara nyingi haileti usingizi. Kelele ya mji ni ya wengi, nayo hudai kanuni ya wengi.

Bujumbura ina umbo lake pia. Mji umekaa kwenye uwanda wa Imbo, Ziwa Tanganyika magharibi, milima mashariki. Usiku ardhi inapopoa, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na sauti ambayo mchana ingepaa ikapotea angani hupindishwa kurudi chini. Muziki wa ufukweni ambao saa tisa za alasiri hausikiki, saa sita za usiku unakuja hadi chumbani ukiwa na maneno yake yote. Mwenye ukumbi ataapa kwamba hajaongeza sauti, na atakuwa anasema kweli. Mwanasheria asiyejua hili atamwona mlalamikaji kama mzushi.

Katika sheria zenyewe, Burundi imekaa kwenye njia panda. Kwa historia tulirithi sheria ya Ubelgiji na, nyuma yake, ya Ufaransa. Tangu 2007 tumo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kenya, Uganda na Tanzania walirithi sheria ya Uingereza. Familia hizi mbili zilikutana na kelele kila moja kwa njia yake, na mwanafunzi wa Bujumbura ana bahati ya kuzisoma zote mbili bila kutoka nyumbani.

Kesi ya Kiingereza ninayoipenda kuliko zote ni ya 1879, Sturges dhidi ya Bridgman. Mtengeneza peremende wa London alikuwa akitwanga sukari kwa vinu viwili vikubwa jikoni kwake kwa zaidi ya miaka 20, na hakuna aliyelalamika. Halafu daktari wa jirani akajenga chumba cha kuonea wagonjwa mwisho wa bustani yake, ukuta kwa ukuta na jiko lile. Kila mchi uliposhuka, daktari hakuweza kusikia kifua cha mgonjwa. Alishtaki, akashinda. Mahakama ilikataa hoja ya mtwangaji kwamba yeye alikuwapo kwanza, na ikaongeza jambo ambalo hadi leo tunalirudia: kero haipimwi hewani, hupimwa kwa kuangalia mtaa wenyewe, linalokera mtaa wa matajiri huenda lisikere mtaa wa mafundi.

Nikifundisha kesi hii, darasa hugawanyika. Waliokulia katika mitaa tulivu ya mlimani husema daktari ana haki. Waliokulia Buyenzi na Bwiza huuliza: mwenye kinu aende wapi? Nami huwaambia wasiharakishe. Kanuni ya "tazama mtaa" inaonekana kumlinda fundi bati, maana Buyenzi ni mtaa wa mafundi. Lakini itazame tena. Inasema pia kwamba maskini, kwa kuwa anakaa penye kelele, anastahili kelele. Muuguzi wetu hakuchagua Buyenzi kwa sababu anapenda nyundo. Alichagua kodi anayoiweza. Hapo ndipo sheria nzuri inapoanza kutoa harufu ya dhuluma, na ni vizuri mwanafunzi aisikie harufu hiyo mapema.

Upande wa pili, Mahakama ya Juu ya Rufani ya Ubelgiji ilitoa tarehe 6 Aprili 1960 hukumu mbili zilizojenga msingi mpya. Moja ilihusu dohani: jirani alijenga ghorofa refu, upepo ukazibwa, moshi wa mwenzake ukashindwa kutoka. Mjenzi hakuwa na kosa lolote. Mahakama ikasema hata bila kosa, aliyevunja mizani kati ya majirani anapaswa kufidia. Ufaransa ilifikia mahali karibu na hapo tarehe 19 Novemba 1986, katika kesi ya kelele za mashine, kwa kanuni kwamba mtu asimsababishie jirani usumbufu unaopita wa kawaida wa ujirani. Mwaka 2024 Wafaransa waliiandika kanuni hiyo katika sheria yao ya kiraia, wakaongeza kinga kwa aliyekuwapo kabla, akifanya kazi yake kihalali. Yaani mtwangaji wa London, angeishi Ufaransa ya leo, angekuwa na la kusema.

Na kwetu? Dikrii ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo na kuletwa huku na Wabelgiji, ina kifungu cha 258 ambacho kila mwanafunzi wa sheria wa Burundi anakijua kwa moyo: kitendo chochote cha mtu kinachomdhuru mwingine humlazimu aliyekosea kulipa. Tatizo ni neno kukosea. Fundi bati amekosa nini? Kwa hiyo kazi ya wanasheria wetu ni kuuliza kama mizani ya 1960 inaweza kusomwa ndani ya kifungu cha 1888. Mimi naamini inaweza, na nategemea mmoja wenu ataandika tasnifu inayothibitisha hivyo.

Njia ya pili ni ya serikali: viwango vya mazingira. Hapa jirani zetu wametangulia. Uganda iliweka kanuni zake za kelele mwaka 2003. Tanzania ilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004, ikafuata na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo mwaka 2015, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ndilo linaloonekana kwenye baa na kumbi na mashine zake. Kenya ilitoa kanuni zake mwaka 2009, na hizo nataka tuzitazame kwa karibu. Katika eneo la makazi, nje ya nyumba, kikomo ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Eneo la biashara ni 60 mchana, na usiku ni 35 vilevile. Na usiku huo unaanza saa mbili na dakika moja.

Desibeli 35 nje ya nyumba ni karibu na mnong'ono. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilipendekeza 30 ndani ya chumba cha kulala na 45 nje ya dirisha. Vyura wa mto Ntahangwa baada ya mvua hawawezi kutii 35. Wapo wasomi wanaosifu kiwango kikali kwa kuwa kinaonyesha nia. Mimi nakiogopa. Sheria ambayo kila mtu ameivunja kufikia saa mbili na nusu humwachia afisa kazi ya kuchagua nani wa kukamatwa, na afisa aliyepewa uchaguzi huo ana silaha, iwe anaitaka au haitaki.

Burundi ina Kanuni ya Mazingira ya tarehe 30 Juni 2000, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2021, na Ofisi ya Burundi ya Ulinzi wa Mazingira, OBPE. Ila ukweli wa mtaani ni kwamba mlalamikaji wetu haanzi na desibeli. Anaanza na mkuu wa katiye, au na wazee. Nitarudi kwao.

Kabla ya hapo twende India, kwa sababu huko ndiko mahakama ilikosema jambo kubwa zaidi lililowahi kusemwa katika taaluma hii. India ilitunga kanuni za uchafuzi wa sauti mwaka 2000: makazi 55 mchana na 45 usiku, usiku ukiwa saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mita 100 kuzunguka hospitali, shule na mahakama zikawa eneo la utulivu. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya kanisa moja la Chennai lililosali kwa ngoma na vipaza sauti, ikasema dini haidai kwamba sala ipite kwenye spika hadi kwenye chumba cha asiyeiomba. Halafu tarehe 18 Julai 2005 ikatoka hukumu ndefu, iliyoweka utulivu ndani ya haki ya kuishi.

Shauri lile la 2005 lilianzaje? Kwa binti wa miaka 13 aliyebakwa. Alipiga kelele kuomba msaada, na majirani hawakumsikia kwa sababu vipaza sauti vya mtaani vilikuwa vimefunika kila kitu. Nilipoisoma mara ya kwanza niliweka kitabu chini.

Sisi Warundi tuna neno induru. Ni yowe la kuomba msaada, na katika mila zetu anayelisikia hapaswi kukaa. Huitikia, hupokeza, hukimbilia linakotoka. Mtaa mzima umejengwa juu ya dhana kwamba yowe litasikika. Kumbe spika inayonguruma usiku kucha haimnyimi mtu usingizi tu. Inakata kamba inayotufunga pamoja. Tangu siku ile nimeacha kuwaambia wanafunzi kwamba sheria ya kelele inalinda ukimya. Inalinda usikivu. Mwalimu asikike hadi dawati la nyuma, mama asikie kikohozi cha mtoto, induru ifike. Kiswahili kimetupa neno kusikilizana, lenye maana ya masikio na lenye maana ya amani, na sijui neno bora zaidi la kutaja lengo la taaluma hii.

Nasisitiza hili kwa sababu ukimya, hapa kwetu, una historia nzito. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza Burundi mwaka 1972 na haikuondolewa hadi Aprili 2006. Fikiria: kizazi kizima kilizaliwa, kikakua, kikaoa, usiku ukiwa umefungwa. Tuliokulia miaka hiyo tunajua ukimya ambao hakuna kipimo cha desibeli kinachoweza kuueleza, ule wa kutega sikio kama hatua zinapita au zinasimama mlangoni. Amri ilipoondolewa, mji ulipiga muziki. Wengi waliokerwa walikuwa na haki ya kukerwa, ila mimi nilisikia ndani ya muziki ule watu wakijaribu kama usiku ni wao tena. Mtunga sheria wa Bujumbura asisahau hilo anapoandika neno "marufuku" na neno "usiku" katika sentensi moja.

Tena kuna ngoma. Katika Kirundi ingoma ni ngoma na ni ufalme. Anayepiga hapigi tu, anatawala au anatawalisha. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014. Oktoba 2017 amri ya rais ikaipangia masharti: wanawake wasiipige, vikundi vijiandikishe wizarani, na anayetaka wapiga ngoma nje ya sherehe rasmi aombe kibali na alipe faranga 500,000. Kila anayesoma sheria ya kelele anapaswa kusoma amri hiyo, ingawa haitaji desibeli hata moja. Inatuonyesha kwamba sheria ya sauti ina uso wa pili: nani anaruhusiwa kusikika. Sipendi kumnyamazisha mwanamke ambaye mikono yake inaujua mdundo, na ninasema hivyo kama mtu anayeipenda ngoma ile. Lakini hata ukiikubali amri, kubali pia kwamba serikali iliyojifunza kupanga nani apige inaweza kutumia kanuni ya kelele kwa kazi hiyohiyo.

Hapo ndipo suala la ibada linapokuwa gumu. Mwanzoni mwa 2018 Kigali ilifunga makanisa zaidi ya 700, kwa sababu za usalama wa majengo, usafi na kelele, na misikiti ya wilaya ya Nyarugenge mjini humo ikaambiwa isitumie vipaza sauti kwa adhana. Wengine walishangilia, wengine walilia. Mimi nimekulia ndani ya adhana. Sauti ya alfajiri ndiyo saa yangu ya kwanza. Hata hivyo najua kwamba adhana ilikuwapo karne nyingi kabla ya umeme, na kwamba kesha la kanisa liliwahi kufanyika kwa koo za waumini peke yake. Kilicho kipya kwetu sote ni spika. Ukiiweka spika katikati ya mazungumzo, badala ya imani, watu huanza kuzungumza: imeelekezwa wapi, imepandishwa juu kiasi gani, inawaka kwa dakika ngapi.

Dakika zina maana kuliko mtu anavyodhani. Kipimo kinaweza kuchukua wastani wa usiku mzima, au kinaweza kuchukua kilele, yaani sekunde iliyopanda kuliko zote. Adhana ni ya juu lakini ni fupi: kwa wastani hupotea, kwa kilele hushtakiwa. Kesha la muziki wa besi ni kinyume chake: hakuna kilele cha kutisha, ila linaendelea kwa saa saba. Isitoshe, mizani ya kawaida ya vipimo hupunguza uzito wa sauti nzito, kwa kufuata sikio la binadamu, wakati sauti nzito ndizo zinazopenya ukuta wa matofali na kutikisa kitanda. Kwa hiyo anayechagua namna ya kupima amekwisha kuchagua nani atashindwa, kabla hata mashine haijawashwa. Mwanafunzi akiondoka na jambo hili moja tu, sijapoteza muda wangu.

Kuhusu magari nitasema kwa ufupi. Roma ya kale, wakati wa Julius Caesar, ilizuia mikokoteni kuingia mjini kwa sehemu kubwa ya mchana; magurudumu yakahamia usiku, na usingizi wa Warumi ukahamia nayo. Machi 2022 pikipiki za abiria, baiskeli na bajaji, ambazo sisi huziita tuktuk, ziliondolewa katikati ya Bujumbura kwa sababu za usalama barabarani. Katikati ya mji kulitulia. Milio haikufa, ilijikusanya kwenye vituo vya pembeni ambako abiria walishushwa. Kelele huhama kama maji, na mtafiti mzuri hufuata mkondo kabla ya kusifu ukavu.

Vivyo hivyo na uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni. Kuna wiki ambazo barabara zetu zilikuwa na foleni za magari yaliyozimwa na watu wanaotembea. Angekuja mtaalamu kutoka nje wiki hiyo, akapima, angeandika kwamba Bujumbura ni mji mtulivu. Wiki nyingine umeme unakatika, na kila duka lina jenereta mlangoni. Ukipima kwetu, andika pembeni: mafuta yapo? Umeme upo? Mvua imenyesha? Bila hayo namba yako ni ya mji mwingine.

Na usimsahau fundi. Taaluma yetu, kwa kumhurumia anayelala, imekuwa ikimtaja anayepiga nyundo kama chanzo tu. Sikio lake lipo karibu na bati kuliko la mtu yeyote. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba desibeli 85 kwa saa 8 ndicho kikomo cha siku ya kazi, na kwa hesabu iliyozoeleka kila 3 zinazoongezeka hukata muda nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Kanuni ya Kazi ya Burundi ilifanyiwa marekebisho Novemba 2020, lakini sheria ya kazi humtafuta mwajiri, na fundi wa Buyenzi hana mwajiri. Ana wateja. Siku asiposikia tena tofauti ya mlio mzito na mlio safi, atakuwa amepoteza chombo chake cha kazi, na hakuna ofisi itakayoandika jina lake.

Nilisema nitarudi kwa wazee. Burundi ina bashingantahe, watu wa heshima waliosikiliza magomvi ya vilimani tangu enzi za wafalme, na sheria ya 2021 ilianzisha mabaraza ya wazee wa vilima na mitaa, Intahe yo ku Mugina. Sikuambii kwamba yana dawa ya kila kitu. Mbele ya mwenye ukumbi mwenye marafiki wakubwa, mzee wa mtaa ana mdomo tu. Lakini kwa kesi ya ukuta wa Buyenzi sioni pa kuanzia pengine. Wazee hawahitaji kuamua nani ana kosa. Wanaweza kuuliza kitu ambacho jaji hukiuliza mara chache: wewe unalala saa ngapi, na wewe unapiga saa ngapi? Fundi anaweza kuchomelea na kupaka rangi asubuhi, akanyoosha bati alasiri. Hilo haliandikwi katika jedwali la desibeli la nchi yoyote.

Kila mwaka nawapa wanafunzi kazi ya kwanza, nami nakupa wewe pia. Chagua kona moja ya mtaa wako, kaa na daftari kuanzia alfajiri hadi alfajiri, mkipokezana na wenzako. Usichukue mashine, mashine itakuja baadaye. Chora safu tatu: saa, sauti, inatoka wapi. Mwaka juzi msichana mmoja alileta daftari lake likiwa na safu ya nne aliyoiongeza mwenyewe, bila kuniuliza. Juu yake aliandika "nani amelala". Saa kumi na moja alfajiri, adhana, msikitini: watoto wa nyumba ya kijani. Saa tatu asubuhi, nyundo, gereji: mlinzi wa benki. Saa nane mchana, jenereta, duka la dawa: bibi mgonjwa, dirisha la pili. Ilimbidi agonge milango kumi na moja ili kuijaza safu ile, na kurasa tatu za mwisho alikuwa amebandika karatasi nyingine kwa gundi, kwa kuwa daftari halikutosha.